Waliokesha na Modemu

Msikilizaji, mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hazina ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine, kazi ikaenda mrama, na wakubwa wakaona heri mlango ufungwe kabla hasara haijazidi. Aliyetaka kompyuta, liwe shirika la umma au chuo, ilimbidi aombe kibali maalumu, aeleze ni ya nini, kisha asubiri. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Leo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amejilaza kitandani kule Hosteli za Mabibo, anajisajilia masomo ya muhula kwa simu, anaangalia matokeo yake, anapakua makala kutoka maktaba ambayo hajaikanyaga. Tangu mlango ule wa Hazina ufunguliwe haijatimia miaka 40. Kuna watu waliobeba safari hiyo mgongoni, na majina yao hayasomwi kwenye mahafali.

Vyuoni wanaitwa watu wa kompyuta, au jamaa wa TEHAMA. Hukumbukwa siku mtandao ukigoma. Siku zote 364 zilizobaki ukiwa mzima, hakuna anayeuliza ni nani aliyeamka saa nane usiku kuwasha jenereta ili seva zisizime, wala ni nani aliyekula sikukuu ofisini kwa sababu mfumo wa ada ulikuwa unahamishwa. Kazi yao ina balaa hiyo: ikifanywa vizuri haionekani. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 wakati intaneti inabisha hodi Afrika, mwaka 1991, sasa amevuka 60. Ndio wakati wao wa kuagwa. Mazungumzo ya leo yanauliza wataagwa vipi, na kwa lipi hasa wanastahili kuheshimiwa.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye mji mdogo wa Grahamstown, Afrika Kusini, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Pale pana Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kituo chake cha kompyuta kiliongozwa na Mike Lawrie, akiwa na wenzake kama Francois Jacot-Guillarmod na Dave Wilson. Nchi yao ilikuwa imewekewa vikwazo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na kupata wa kuunganishwa naye ng'ambo ilikuwa shughuli. Njia waliyoipata ilipita nyumbani kwa mtu. Randy Bush, mtaalamu wa programu wa mjini Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, alikubali kompyuta yake izipokee barua zao na kuzipeleka mbele. Novemba 1991, ni kati ya Rhodes na nyumba hiyohiyo ya Portland zilipopita pakiti za kwanza za intaneti ya Afrika Kusini. Nchi yenye migodi ya dhahabu na mabenki makubwa iliingia intaneti kupitia kituo cha kompyuta cha chuo cha mkoani na sebule ya mtu.

Kabla ya hapo walikuwa wakitumia FidoNet, na kwa kuwa watu wengi Afrika walisoma barua pepe zao za kwanza kwa njia hiyo, inafaa kueleza ilivyofanya kazi. Ilihitaji kompyuta moja ya mezani, modemu moja na laini moja ya simu. Mchana watu walileta barua zao, wengine kwenye disketi, wengine zimeandikwa kwa mkono ili karani wa kituo azipige. Programu ilizikusanya na kuzibana zikawa faili dogo. Ikifika saa iliyopangwa, mara nyingi usiku, modemu ilipiga namba ya ng'ambo, ikatoa ile milio yake ya kukwaruza masikio, ikajibiwa na mwenzake, wakabadilishana mafurushi, wakakata. Laini ikikatika katikati, ilipigwa tena, na programu ikaendelea pale ilipoishia. Asubuhi majibu yalichapwa kwenye printa ya utepe na kuwekwa kwenye vijumba vya barua vya walimu, pamoja na bili. Dakika za simu ya kimataifa zilikuwa ghali, kwa hiyo maprofesa waliozoea kuandika kurasa tatu walijifunza kusema neno lao kwa mistari minne.

Kuna mtu aliyekaa na modemu hiyo. Huyo ndiye tunayemzungumzia.

Kule Lusaka alikuwa Mark Bennett, meneja wa kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Zambia. Mwaka 1991 kituo chake kilianza kubadilishana barua na Rhodes kwa simu, mara kadhaa kwa siku. Hakikujifungia na maprofesa peke yao. Madaktari wa hospitali za mbali waliunganishwa, mashirika ya misaada yakaunganishwa, na kila aliyeunganishwa alifundishwa. Mwaka 1994 chuo kikaunda kampuni, ZAMNET, na Zambia ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara, ukiiweka kando Afrika Kusini, kuwa na huduma kamili ya intaneti. Haikuwa kampuni ya simu iliyofanya hivyo, wala wizara. Ilikuwa idara ya chuo ambayo kazi yake rasmi ilikuwa kuchapa mishahara na matokeo ya mitihani.

Afrika Mashariki haikulala. Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, ilisimamia mradi wa ESANET uliounganisha watafiti wa vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Makerere, Charles Musisi aliendesha kituo cha FidoNet kilichoitwa MUKLA, na baadaye akawa msimamizi wa majina yote ya intaneti yanayoishia na alama ya Uganda. Jijini London, Karen Banks wa shirika la GreenNet aliendesha lango lililopigia simu vituo vya Afrika na kukusanya barua zao, kwa sababu simu kutoka Ulaya ilikuwa nafuu kuliko simu kutoka huku. Nao madaktari walikuwa na HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani. Ulitumia setilaiti ndogo iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Setilaiti hiyo haikutulia juu ya Afrika. Ilikatiza angani mara chache kwa siku, na fundi wa kituo cha ardhini alipaswa kuwa tayari ikipita, atume na kupokea kabla haijazama upande wa pili.

Dar es Salaam kazi kama hiyo iliangukia Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu, ambacho Profesa Beda Mutagahywa alikiongoza kwa miaka mingi. Hapo ndipo marufuku ya 1974 inapopata maana yake kamili. Vijana walioingia kituo hicho walikuwa wametoka katika nchi ambayo kwa karibu miaka 20 kompyuta ilihesabiwa kuwa kitu cha kuombewa ruhusa. Hapakuwa na duka la vipuri mtaa wa pili wala mwalimu wa sekondari aliyewaonyesha. Kituo kikawa shule, kikahudumia chuo, kikafundisha watu wa nje, mwishowe kikageuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na chuo chenyewe. Watumishi wengi wa benki na serikali jijini waligusa kibodi kwa mara ya kwanza katika kozi zake.

Ukiviweka pamoja visa hivi, Grahamstown, Lusaka, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kuna jambo linajirudia. Hakuna hata mmoja katika watu hawa aliyekuwa ameajiriwa kuleta intaneti. Waliajiriwa kutunza mashine za chuo. Hilo lingine walilifanya kwa kuwa waliona linawezekana, na kwa kuwa chuo kiliwaachia nafasi ya kujaribu. Barua ya ajira ya mtu wa kompyuta haisemi neno juu ya kufikiri zaidi ya chumba chake.

Miaka ya 2000 shida ilibadilika sura. Modemu ziliondoka, yakaja madishi ya setilaiti juu ya mapaa ya vyuo. Setilaiti hizi zinakaa kilomita takribani 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda na kushuka, kisha jibu lipande na kushuka, nusu sekunde imekwisha kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Hiyo ni sheria ya maumbile, haina wa kumlaumu. Lililokera ni bei. Katikati ya muongo huo utafiti uliofanywa kuhusu vyuo vya Afrika ulikuta kwamba chuo cha wastani kilikuwa na uwezo wa intaneti sawa na wa nyumba moja ya Ulaya yenye huduma ya kasi, na kwamba kilikuwa kikiulipia kiasi cha mara 50 ya bei iliyolipwa na vyuo vya kwingineko duniani. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi kilikuwa kinagawana bomba la familia ya watu wanne.

Utafiti huohuo ulisema jambo la pili, na hili liliwauma watu wa kompyuta wenyewe: vyuo vingi havikuwa vikipima matumizi yake, sembuse kuyasimamia. Kidogo kilichonunuliwa kwa bei ya kuruka kilikuwa kinaliwa na virusi vya kompyuta, na miziki iliyopakuliwa usiku kucha. Ndipo ikaanza kazi ambayo haina sherehe ya uzinduzi. Mtu alikaa na kompyuta kuukuu, akaweka programu ya bure kama Squid, ambayo huhifadhi nakala ya kurasa zinazoombwa mara kwa mara ili zisitafutwe upya angani, akapanga foleni ili makala za maktaba zitangulie na miziki isubiri. Akapigiwa simu za matusi na wanafunzi, na za malalamiko na wakuu wa idara. Mwisho wa mwezi intaneti ileile, kwa bei ileile, ikawa inatosha watu wengi zaidi. Rekodi ya ushindi huo imo kwenye mafaili ya seva ambazo zimeshatupwa.

Wengine walichukua vita ya bei yenyewe. F. F. Tusubira, mhandisi wa umeme wa Makerere, aliongoza kurugenzi ya chuo hicho inayosimamia huduma za TEHAMA, na hoja aliyoisimamia ilikuwa kwamba kompyuta za chuo ziwe na idara yenye bajeti na sera, zisiwe za kubahatisha kwa hisani ya mradi huu na ule. Kutoka hapo alikwenda kuongoza UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya vyuo na utafiti ya mashariki na kusini mwa Afrika wenye ofisi zake Lilongwe, Malawi. Uliasisiwa na mitandao ya nchi tano: Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Chuo kimoja kikienda kununua intaneti kitatajiwa bei ya mteja mdogo. Vyuo mia vikienda pamoja, muuzaji atavuta kiti akae.

Kenya ilikuwa imetangulia kwa hilo. Mtandao wa KENET ulianzishwa mwaka 1999, na Profesa Meoli Kashorda akawa mkurugenzi wake mtendaji kwa muda mrefu. Mikongo ya baharini ilipofika pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, vyuo ambavyo tayari vilikuwa na muungano vilijikuta na sauti ya kudai bei. TEAMS ilitoka Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu, ikaibukia Mombasa. Na siku trafiki ilipohama kutoka angani kwenda baharini, ile nusu sekunde ya kusubiri ilipungua kwa kiasi ambacho hata asiye fundi alikitambua. Magazeti yaliandika juu ya mawaziri waliokata utepe ufukweni. Kutoka ufukweni hadi maabara ya chuo cha bara, hata hivyo, kuna mamia ya kilomita za kebo, ruta za kupangwa, hati za kusainiwa, na mkandarasi wa barabara ambaye atakata kebo kwa katapila lake Ijumaa jioni. Hapo hapana utepe wa kukata.

Msikilizaji ambaye hajaingia chumba cha seva cha chuo apate picha. Ni chumba kidogo, mara nyingi ghorofa ya chini, mlango wa chuma, hewa ya baridi kuliko ofisi ya makamu mkuu wa chuo. Viyoyozi viwili, kimoja kinafanya kazi na kingine kinasubiri zamu. Makabati marefu yenye mashine zinazovuma, taa za kijani zinapepesa. Nyuma ya kabati, mamia ya nyaya za bluu na kijivu, na kila waya una kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: Utawala ghorofa ya 2, Maktaba, Bweni la wasichana. Anayekuja baada ya mtu huyo kustaafu atasoma vikaratasi hivyo kabla ya kusoma waraka wowote. Vikiwepo, waya ulioharibika hupatikana kwa dakika kumi. Visipokuwepo, watu wawili watashinda kutwa, mmoja akivuta huku, mwingine akipiga kelele kule.

Inabidi kusema ukweli hapa, maana sherehe za kuagana zina kawaida ya kumtakasa kila mtu. Vyuo vinamjua pia mtu wa kompyuta wa aina nyingine: aliyekaa na maneno ya siri yote kichwani, asiyeandika kitu, asiyemfundisha kijana, kwa sababu siku akiandika na kufundisha ataonekana hahitajiki. Akiugua, mishahara inachelewa. Akisafiri, matokeo hayatoki. Watu wanamwogopa, na uoga huo hupokewa kama heshima. Miaka 30 ya namna hiyo ni utumishi mrefu, lakini ni vigumu kuiita huduma.

Mipaka kati ya ulinzi na kuhodhi si rahisi kuiona, hata kwa watu wema. Turudi kwa Mike Lawrie. Mbali na kazi ya Rhodes alikuwa ndiye msimamizi wa majina ya intaneti ya Afrika Kusini nzima, jukumu lililomfikia katika siku zile ambazo hakuna aliyeona kama lina thamani. Mwaka 2002 Bunge la nchi hiyo lilipokuwa likipitisha sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ambayo ingeiweka kazi hiyo chini ya chombo kipya, Lawrie alihofia serikali isije ikavuruga mfumo, akahamishia faili kuu la majina hayo nje ya nchi, mahali ambapo hakupataja. Wapo waliompigia makofi, wapo waliouliza kulikoni mtu mmoja abebe nchi mfukoni. Hatimaye majina yakakabidhiwa kwa mamlaka mpya, na intaneti ya Afrika Kusini ikaendelea bila kukatika. Kenya ilipita njia ya makabidhiano hayohayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, usimamizi ulipotoka mikononi mwa watu binafsi waliouanzisha na kwenda KENIC. Tanzania ikaunda tzNIC mwaka 2006.

Dunia nzima ilikuwa na Lawrie wake. Jon Postel, mtafiti wa taasisi ya sayansi ya habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, ndiye aliyekuwa akigawa namba za intaneti ya ulimwengu, na siku za mwanzo orodha yake ilikuwa kwenye daftari. Alihariri nyaraka za kanuni za mtandao huo kwa karibu miaka 30. Alifariki Oktoba 1998, wiki chache tu baada ya ICANN, chombo cha kurithi kazi yake, kuundwa. Mwaka uliofuata jumuiya ya Internet Society ilianzisha tuzo yenye jina lake, dola 20,000 na tufe la kioo, kwa wale waliotoa huduma ya muda mrefu kwa mawasiliano ya kompyuta.

Orodha ya waliopata tuzo hiyo ina mtu wa kwetu wa kutazamwa kwa makini. Mwaka 2007 ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana. Alisoma Marekani, akaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cape Coast mwaka 1979, akafanya kazi miaka mingi katika kampuni kubwa ya kompyuta huko Marekani, kisha akarudi nyumbani kujenga mtandao wakati wenzake wanapanda ndege kwenda upande mwingine. Yeye ni mmoja wa waasisi wa AfNOG, mafunzo ya wahandisi wa mitandao ya Afrika yaliyoanza Cape Town mwaka 2000. Mwaka 2018 tuzo ilimwangukia Steve Huter wa Chuo Kikuu cha Oregon, kiongozi wa kituo kiitwacho NSRC, ambacho mizizi yake ni ileile kazi ya Randy Bush ya kuwasaidia watu wa Rhodes na wengineo.

AfNOG ilitua Nairobi mwaka 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011. Ukumbini walikuwamo vijana wa vyuo, wa kampuni za simu na wa serikali, kila mmoja na ruta mbele yake, wanavunja mtandao wa mazoezi na kuujenga upya. Walimu walikuwa wahandisi waliojitolea, wengi wao Waafrika ambao miaka michache nyuma walikuwa wamekaa kwenye viti vya wanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka huu alirudi mwaka kesho kuwa msaidizi, na mwaka wa tatu akafundisha. Kwa miaka 20 mafunzo hayo yalihama nchi hadi nchi kwa mtindo huo. Ukitafuta kipimo cha kumtenga mtumishi na mhodhi, hiki kinatosha: nani anaweza kufanya kazi yake leo, akiwa hayupo?

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema Waswahili. Hawa wamecheza kwao, wakatunzwa ugenini. Tuzo ya Postel inatolewa na jumuiya yenye makao Marekani na Uswisi. Quaynor na Karen Banks waliingizwa mwaka 2013 katika Ukumbi wa Mashujaa wa Intaneti, orodha ya jumuiya hiyohiyo. Dorcas Muthoni wa Kenya akafuata mwaka 2014. Huku nyumbani, mtu wa kompyuta wa chuo akibahatika atakuwa mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, apewe cheti na bahasha, apige picha na mgeni rasmi. Akistaafu, idara itachanga, atapata mabati ya kuezekea, saa ya ukutani na hotuba ambayo msomaji wake hakuwa na hakika kama ruta ni kifaa au ugonjwa.

Tatizo halikuanzia kwenye hotuba. Vyuo vyetu vimegawa watumishi wake mafungu mawili, wanataaluma na waendeshaji. Mwanataaluma ana ngazi inayojulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi inapimwa kwa machapisho. Mtu aliyejenga mtandao wa kampasi tano hana chapisho la kuonyesha, kwa hiyo anahesabiwa mwendeshaji, fungu moja na mtunza stoo. Akitaka kupanda, ama aache mashine akasome shahada ya uzamivu ili ahame fungu, ama akubali ofa ya kampuni ya simu. Kampuni za simu na mabenki ya Afrika Mashariki zimejaa watu waliojifunzia kazi kwenye seva za vyuo. Waliobaki walibaki kwa hiari, na hiari hiyo imekuwa ikichukuliwa kama jambo la kawaida.

Machi 2020 iliwaonyesha wote vyuoni walivyokuwa wamewategemea watu hao wa kompyuta. Kenya, Uganda na Tanzania zilifunga vyuo kwa sababu ya korona katika mwezi huo huo mmoja. Mifumo ya masomo kwa mtandao ambayo kwa miaka walimu walikuwa wakiikwepa ikatakiwa ibebe chuo kizima ndani ya wiki chache. Mkufunzi wa miaka 60 alipigiwa simu na kijana wa TEHAMA, akaelekezwa hatua kwa hatua: bonyeza pale juu, hapana, mkono wa kulia, sasa washa kipaza sauti, tunakusikia mwalimu. Simu kama hiyo ilirudiwa mara nyingi mno, na hakuna fomu ya kupandishwa cheo yenye nafasi ya kuiandika.

Basi heshima ianzie hapo, kwenye fomu. Baraza la chuo linaweza kuweka ngazi ya wahandisi wa mifumo inayofika juu kama ya wanataaluma, ikipimwa kwa mifumo iliyosimama, vijana waliofundishwa na nyaraka zilizoachwa. Linaweza kudai kwamba mtu anayestaafu akae mwaka wake wa mwisho na mrithi wake bega kwa bega, mwaka ambao kwa kawaida hutumika kukimbizana na mafaili ya mafao. Mitandao kama KENET, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania inakutanisha wahandisi wa vyuo kila mara. Mkutano wa aina hiyo una wajumbe wanaojua kazi, kwa hiyo tuzo ikitolewa hapo itakuwa imetolewa na watu wanaoelewa wanachokisifu.

Jambo moja lakini haliwezi kusubiri kikao cha baraza. Barua pepe nyingi za FidoNet hazikuhifadhiwa, kompyuta zake nyingi zimeshatupwa, na sehemu kubwa ya historia ile iko vichwani mwa wazee wachache wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lusaka na Makhanda. Idara za historia za vyuo hivyohivyo zimewahoji wapigania uhuru, wavuvi, wanamuziki wa dansi na machifu. Kumhoji mtu aliyepiga simu ya kwanza ya modemu ya chuo hakuhitaji mfadhili: mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili mwenye kinasa sauti anaweza kuanza wiki ijayo, kwa kumuuliza mzee huyo alilipaje bili ya simu ya mwezi wa kwanza.